Jua la Ubavuni na Mtaro wa Nduwayezu

Nyumbani, Kibondo
23 Juni 2024

Irakoze mwana wanje,

Mwakeye. Kama barua imekukuta jioni, ipokee hivyo hivyo. Mimi mzima, mbuzi wazima, ni goti la kushoto tu linaringa kama bibi harusi.

Kwanza nikupe sifa zako. Ile picha ya maharusi uliyonitumia nimeitundika ukutani pale anapokaa mgeni, hana njia ya kutokuiona. Mke wa mwalimu alikuja kuazima chungio, akasimama mpaka akasahau chungio. Akauliza, "Hawa walipakwa nini usoni, mbona wanang'aa kama dhahabu?" Nikamwambia, "Mama, hawakupakwa kitu. Mwanangu aliwasimamisha njaa inawauma mpaka jua likaribie kuzama. Huyo hapigi picha mpaka jua limtii." Aliondoka bila chungio. Mimi niliishia darasa la saba, lakini tumbo langu lilisoma mpaka chuo.

Sasa la pili, na hili ndilo lililonishikisha kalamu. Baba yako mdogo Ndihokubwayo amehamia nyumba yake mpya. Bati jekundu, madirisha ya vioo, sebule unaweza kufungia ng'ombe. Unakumbuka mpaka aliouacha marehemu baba yako: mtaro kutoka barabarani juu mpaka bondeni, na minyaa pembeni. Tangu tulipomzika, minyaa iling'oka mmoja mmoja kama meno ya mzee. Halafu mtaro ukafukiwa. Halafu akapanda maharage juu yake misimu miwili. Sasa nyumba.

Siku ya kuifungua, mchungaji yupo, watu wana sahani mkononi, nikamwuliza waziwazi, "Shemeji, mtaro wa kaka yako Nduwayezu uko wapi?" Akacheka. "Mtaro gani, shemeji? Hebu waonyeshe watu." Kisha akaongeza, "Na hata ungekuwepo, shamba la nini kwa Irakoze? Binti akiolewa anaondoka na kanga zake, haondoki na shamba. Tena yule wala haolewi, kazi yake kukimbiza jua na kamera." Watu wakacheka, mwanangu. Walicheka midomo imejaa nyama yake.

Nimekwenda baraza la ardhi la kijiji. Mwenyekiti, Mzee Mpawenimana, ni mtu mzuri, akaniambia, "Esteri, sote tunakumbuka mtaro ulikuwepo. Ila kila mmoja anaukumbuka mahali pake. Lete ushahidi." Ushahidi! Nitoe wapi ushahidi wa kitu kilichofukiwa?

Lile shamba baba yako alisema ni lako. Alisema mbele yangu na mbele ya huyo huyo mdogo wake. Nataka lirudi, na nataka aaibike. Sitaki afe, akifa watu watamlilia. Nataka aishi, mpaka kuku wake wamwonee haya. Wewe una kamera na akili. Fikiri.

Usinipigie simu kwa mambo haya. Mtandao hapa ni pale kwenye kichuguu tu, na kichuguu kiko chini ya dirisha lake. Mpe barua kondakta wa basi, mimi nitaifuata stendi.

Ni mimi mama yako mzazi, hakuna mwingine,
Esteri


Kasulu
30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka.

Nikueleze kitu. Mwezi uliopita nilikuwa Munanila. Nilipanda mlimani kukiwa bado giza, nikalingojea jua. Lilipochungulia tu, nikaona mistari kwenye malisho ya upande wa pili. Mwenyeji wangu anaapa pale hapajaguswa na jembe tangu enzi za babu yake. Kumbe yalikuwa matuta ya huyo babu. Nikapiga picha. Nilipopita tena jua limepanda, hakuna mstari hata mmoja, uwanja umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Jua likiwa chini linaipiga ardhi ubavuni, na hata kishimo cha kina cha kidole kinatupa kivuli. Likipanda juu linafuta kila kitu.

Baba mdogo ameufukia mtaro, lakini udongo uliofukiwa hushuka mvua zikiukanyaga. Na mtaro wa baba umeshuka mlima kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni yote mawili yanaukata kwa ubavu. Nikisimama kilima cha ng'ambo ya bonde nitauona kama upo. Kama haupo, nitakuambia haupo.

Nitakuja Jumamosi tarehe 20 Julai, alfajiri. Isizidi hapo, kwa sababu watu wakianza kuchoma mashamba moshi unatanda na vivuli vinakufa.

Nakuomba jambo moja tu. Usimwambie mtu. Si mchungaji, si mke wa mwalimu, si mbuzi.

Wako,
Irakoze


Nyumbani, Kibondo
12 Julai 2024

Irakoze mwanangu mwenye akili kuliko ukoo mzima wa baba yako,

Salamu nyingi. Sijamwambia mtu. Nimemwambia Jeanne wa kwaya peke yake, na Jeanne ameapa kwa Biblia yake mwenyewe, ile yenye zipu. Nilimwambia kwa sababu alisema mwanawe anasomea uuguzi, akalirudia mpaka nikaona kizunguzungu. Nikasema, "Dada, uuguzi ni mzuri. Wangu atakuja Jumamosi ya tarehe ishirini kumvua mtu nguo kwa kutumia jua." Alitaka kujua ni nani, nikanyamaza. Akauliza, "Ni shemeji yako?" Nikanyamaza tena, ila nadhani nilitabasamu.

Kwaya nzima inaomba siku hiyo isiwe na mawingu. Sikuwaambia sababu, nimesema tu ni haja ya moyo.

Kuna jambo linanishangaza. Shemeji ameanza kunisalimia. Jana amenitumia mkungu wa ndizi na maneno, "Mpelekeeni mama mkubwa." Tangu lini mimi ni mama mkubwa kwake? Ndizi nimewapa mbuzi, wamezila, hawajafa bado. Nawaangalia.

Kitenge changu kile cha tausi nimekifua. Siku ya ushahidi sitaki kuonekana mjane.

Mama yako anayekuringia,
Esteri


Nyumbani, Kibondo
21 Julai 2024

Irakoze,

Sina salamu.

Umeyaona mwenyewe. Alhamisi niliwasikia na majembe. Nikadhani naota, nani analima Julai? Ardhi kavu, jembe linalia kama limegonga reli, vumbi mpaka mawinguni. Shemeji na vibarua wake, kutoka barabarani mpaka bondeni, pale pale mtaro ulipopita. Ijumaa wakarudi na reki, wakasawazisha kama wanatandika kitanda. Alinikuta nimesimama, akanipungia mkono. "Shemeji, nawahi mvua!" Mvua ya Oktoba!

Nilikesha nikilia. Ukaja alfajiri, ukapanda kilima chako, ukapiga picha vumbi, ukashuka, ukanywa chai. Ulikunywa chai, Irakoze! Ukaomba na kiazi cha pili. Ukamsalimia baba yako mdogo shikamoo, naye akakuuliza mbele yangu, "Jua limekutii leo?" Ukamjibu, "Limenitii, baba." Kisha ukapanda bodaboda ukaondoka zako. Hukutoa hata chozi la kumsaidia mama yako.

Sasa sikiliza. Jeanne nimeshamwambia maneno ambayo hatayaimba. Baraza linakaa Jumatano ya tarehe 31, na nitakwenda mikono mitupu. Lakini nyumba ile ina dari ya mbao na mapazia marefu, na mimi kiberiti ninacho. Sitishii. Nakujulisha tu, ili ukisikia usije ukasema mama alikuficha.

Esteri


Kasulu
24 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Weka kiberiti chini. Ukishakiweka, fungua bahasha ya ndani, utakuta picha. Usiitazame jikoni, kuna moshi. Toka nje nayo.

Nilikuja Jumanne ya wiki ile, siku mbili kabla hawajashika majembe. Sikuja nyumbani. Nilishukia Kibondo mjini, nikapanda kilima cha ng'ambo kwa njia ya nyuma, nikakaa kwenye majani nikingoja jua liinamie. Mwanzoni nikaona shamba tupu, nikaanza kukuonea huruma. Jua likashuka zaidi, likawa karibu na mlima, na vivuli vikaanza kurefuka. Hapo ndipo mtaro ulipotokea, mama. Haukutokea wote mara moja. Ulianzia juu barabarani ukateremka taratibu, kama mtu anauchora nikitazama. Nikapiga mpaka jua likazama.

Najua utaniuliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu nilikutajia Jumamosi nikijua ungeisema. Nilikuwa nataka asikie. Picha peke yake angeipinga, angesema nimeichora kwenye kompyuta. Mtu anayelima Julai hapo hapo picha inapoonyesha, huyo amejibu mwenyewe. Nilikuwa nataka alime.

Sasa angalia vizuri. Mtaro unashuka, unafika kwenye nyumba yake, unaingia chini ya ukuta wa sebule, na unatokea upande wa bondeni. Kona yote ya sebule iko kwetu.

Peleka picha barazani, kisha unyamaze, wao ndio waulize. Waombe wachimbe. Halafu waombe nyumba ibomolewe yote, mpaka msingi.

Irakoze


Nyumbani, Kibondo
2 Agosti 2024

Irakoze,

Salamu za mama uliyemfanya chambo.

Nilivyosoma barua yako niliumia. Miaka yote nakusifia, kumbe na wewe una mdomo wangu kwenye hesabu zako, kama mtu anayejua mbwa wake atabweka saa ngapi. Ulinitazama nikilia, ukala kiazi! Nilikaa nje na picha nikiwa nimekununia. Lakini kila nikiitazama ule mtaro unaonekana, nikakumbuka mgongo wa baba yako ulivyoinama akiuchimba, nikashindwa kununa vizuri. Mwisho nikasema, mtoto huyu mkatili kanifanana mimi. Nimekusamehe. Jeanne naye nimemwomba radhi, maana kumbe alikuwa anatufanyia kazi.

Sasa kaa chini nikupe baraza.

Nilivaa tausi. Shemeji kavaa koti. Mzee Mpawenimana akasema, "Esteri, ushahidi." Nikatoa picha. Ikapita mkono kwa mkono, kila anayeishika anaacha kukohoa. Shemeji akaitazama, akasema, "Hii ni kompyuta. Vijana wa siku hizi wanaweza kuweka hata tembo hapo." Nikanyamaza, kama ulivyoniagiza. Iliniuma, lakini nilinyamaza.

Mzee Mpawenimana akasema, "Vema. Basi jioni ya leo twende sote ng'ambo tukaangalie kwa macho yetu, jua likiwa chini."

Shemeji akasema, "Hakuna cha kuangalia, nimeshalima."

"Umelima nini?"

"Mahindi."

"Julai?"

"Ninatayarisha mapema."

Mama mmoja wa baraza, yule mnene wa kuuza dagaa, akauliza, "Ukimwagilia na nini, baba? Mate?"

Mwanangu, watu walicheka mpaka mwenyekiti akafunika uso kwa faili. Na safari hii midomo yao ilikuwa mitupu, hawajala nyama ya mtu. Mzee mwingine akauliza, "Shamba lako lina ekari nzima, mbona umelima ukanda mmoja tu, mwembamba kama utepe?"

Wakaenda kuchimba pale picha inaposema. Pembeni, udongo mgumu, mwekundu. Katikati, jembe linazama lenyewe, udongo mweusi, na mizizi ya minyaa imeoza ndani. Wakachimba na upande wa bondeni wa nyumba, yale yale. Mzee Mpawenimana akasema shamba mpaka kwenye mtaro ni la Irakoze binti Nduwayezu. Alilitamka jina lako lote, wakaliandika. Kisha akanigeukia. "Na kona ya sebule iko juu ya ardhi ya mtoto wako. Ibomolewe au mnamwachia? Ni wewe na binti yako."

Shemeji alinitazama mimi. Mara ya kwanza tangu msiba, alinitazama usoni.

Nikasema, "Nitafikiri. Kwa sasa ninaomba tu niruhusiwe kuitumia ardhi ya mtoto wangu." Wakasema ni haki yangu.

Mama yako mwenye ardhi,
Esteri


Kasulu
11 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Hongera, na asante kwa kunyamaza. Najua kulikugharimu nini.

Lakini unafikiri nini tena? Safina anayeuza kanga hapa sokoni alipita Kibondo, ananiambia eti jioni unakwenda kukaa kwa baba mdogo. Mama! Ndiyo kusema mmepatana?

Nikukumbushe kitu ambacho huenda hukukiona, kwa sababu ulikuwa ndani na wanawake. Siku tuliyomzika baba, udongo wa kaburi bado mbichi, mimi nilitoka nje. Nikamwona baba mdogo peke yake shambani. Anatembea, anahesabu hatua. Alikuwa anapima. Watu ndani wanaimba tumwonapo Bwana, yeye anapima. Sijawahi kukuambia. Nilikwenda kujifunza picha na moyo huo, nikisema siku moja nitamwona na yeye kama alivyo.

Usimhurumie. Bomoa.

Irakoze


Nyumbani, Kibondo
30 Agosti 2024

Irakoze, roho yangu,

Mwakeye tena. Barua yako ilinilaza chini siku nzima. Ungeniambia siku ile ile ningetoka na mchi. Pole mwanangu, umebeba hilo peke yako miaka yote.

Sasa nikujibu. Kupatana? Mimi? Safina ameona nusu.

Nyumba ukiibomoa siku moja, watu watasema maskini Ndihokubwayo. Watamletea na matofali. Mimi nimefanya hivi. Nilichukua kiti changu cha kukunja, nikaingia sebuleni kwake, nikakiweka kwenye kona yetu. Akaniuliza, "Shemeji, unataka nini?" Nikamwambia, "Sitaki kitu, niko kwangu." Nikafuma kitambaa.

Kila jioni, mwanangu. Wewe unajua kwetu: mke wa kaka mkubwa amekaa, huwezi kupeleka tonge mdomoni hujamkaribisha, na asiponawa, nawe huli. Wakileta ugali ananikaribisha, nami nasema, "Asante." Sinawi. Wakileta chai, nafungua chupa yangu ya chai niliyokuja nayo, nakunywa kwenye kikombe changu. Simsemi mtu. Nauliza hali ya mbuzi. Basi hawezi kula. Alianza kula jikoni, katikati ya masufuria, na bati lake jekundu na madirisha yake ya vioo.

Jumamosi iliyopita wakaja wakwe watarajiwa, watu wa Kasulu wenye heshima zao, wamekuja kumposa Ange binti wa shemeji. Shemeji alikuja kwangu asubuhi, "Mama mkubwa, leo pumzika nyumbani." Nikasema, "Nashukuru, lakini napenda wageni." Nikavaa tausi, nikakaa kwenye kona.

Wakaingia, wakanisalimia. Mzee wao akauliza, "Na huyu mama ni nani?" Shemeji, "Mke wa marehemu kaka yangu." Wakafurahi. Pombe ya ndizi ikaja, shemeji akaonja mbele yao kama inavyotakiwa, ikazunguka, ikafika kwangu. Nikasema, "Asanteni, nina chai yangu." Nikafungua chupa.

Mtu wa ukoo, ndani ya nyumba ya ukoo, hanywi cha nyumba hiyo! Yule mzee alikitazama kikombe chake. Akanitazama. Mimi nafuma. Akakiweka chini. Wa pembeni yake naye akaweka. Na mwingine. Nakuapia Irakoze, sikusema neno, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya tangu nizaliwe. Yule mzee akauliza taratibu, "Ndihokubwayo, kuna nini katika nyumba hii?"

Ikabidi aseme. Kwa mdomo wake, amesimama, koti limelowa jasho. "Mama huyu yuko kwake. Kona hiyo ni ya mtoto wake. Nilivuka mpaka wa kaka yangu." Wakwe wakasema watarudi siku mambo yakitengemaa. Waliondoka vikombe vimejaa.

Ange alilia. Ange ni mtoto wangu kama wewe, na wakirudi nitampikia mimi mwenyewe na nitakunywa wa kwanza, wote wanione. Nimemwambia hivyo. Lakini baba yake sikumwambia, nimemwacha achemke.

Leo asubuhi amekuja. Hakuingia, alisimama pale mbuzi wanapolala. "Shemeji, nimekubali. Nitaibomoa ile kona mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nijenge ukuta nyuma ya mtaro. Nipe ruhusa."

Nikamwambia, "Mimi siyo mwenye ardhi."

"Basi nimwombe nani?"

"Unamjua."

Akavua kofia. Kisha akasema, "Namwomba Irakoze."

Nikamjibu nitamwandikia. Ila nimemwambia asiguse tofali mpaka ufike na kamera. Nataka picha yake ameshika mtaimbo, anabomoa, niitundike pale anapokaa mgeni. Amekubali. Amesema atangoja siku utakayoitaja na saa utakayoitaja.

Mimi moyo umeanza kulegea kidogo, nisikufiche, nilipomwona pale kati ya mbuzi. Amezeeka. Kwa hiyo la jua nakuachia wewe. Lile la asubuhi na la jioni najua linampendezesha kila mtu, hata mwizi linamfanya aonekane mtu wa Mungu. Ukitaka umpe hilo, mpe. Amua mwenyewe. Niandikie saa tu, nimpelekee.

Mama yako, ambaye sasa hivi anasifiwa hata na Jeanne,
Esteri


Kasulu
4 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nitakuja Jumamosi ijayo. Ange mwambie nitampiga picha za uchumba alfajiri hiyo hiyo, bondeni, jua likichomoza, na sitaki malipo.

Baba mdogo mwambie saa saba mchana. Jua likiwa utosini, kivuli chake chote kiko chini ya miguu yake na macho yamekuwa mashimo. Asivae kofia.

Irakoze binti Nduwayezu